Mtoto anacheua kila akinyonya: tuanze kutafuta wapi?

Siku ya mzani pale kliniki, mama mwenye tatizo hili namtambua kabla hajafungua mdomo. Bega moja limelowa, khanga imefanya ukoko mweupe, na harufu ya maziwa yaliyochacha inamtangulia. Mara nyingi nyuma yake yupo bibi wa mtoto na mkoba wa nepi, na bibi ndiye anayeanza: "Nesi, huyu mtoto hakai na kitu tumboni. Kila anachonyonya kinarudi."

Neno ninaloanza kulipima ni hilo "kila". Namwomba mama atandike khanga kavu mezani, nachota maji kwa kijiko kikubwa cha kulia wali, kijiko kimoja tu, mililita 15 hivi, namwaga katikati. Doa linatambaa mpaka linapita ukubwa wa kiganja changu. Mama analitazama doa, anamtazama mtoto, anasema, "Kumbe." Bibi anasema maji si maziwa. Sawa, lakini safari hii amesema kwa sauti ya chini.

Nayaandika haya kwa ajili ya mama wa mtoto mchanga hadi miezi mitatu hivi, anayenyonya titi. Nimefuata dalili, kwa kuwa hakuna mama aliyewahi kuniletea jina la ugonjwa. Wananiletea walichokiona usiku. Na tuelewane maneno: watu wengine wakisema mtoto amecheua wana maana ametoa hewa. Hapa kucheua ni maziwa kurudi yenyewe na kutiririka mdomoni bila mtoto kujikaza. Kutoa hewa nitaita kubeua. Kutapika ni jambo jingine: tumbo linajikaza na maziwa yanatoka kwa nguvu.

Haya hayasubiri kesho

Matapishi ya kijani. Si manjano, maana maziwa ya mwanzo, dang'a, yenyewe ni ya manjano na yakirudi yatakuwa hivyohivyo. Nasema kijani, rangi ya mchicha uliopondwa. Hiyo ni nyongo, na nyongo ikirudi juu huenda njia ya chini imeziba. Sababu mojawapo ni utumbo uliojisokota. Ukijisokota unanyimwa damu, na ndani ya saa chache unaweza kuoza. Mtoto huyu apelekwe hospitali yenye upasuaji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama sasa ametulia. Njiani usimlazimishe kunyonya. Chukua na nepi au kitambaa chenye yale matapishi, daktari aione rangi kwa macho yake.

Matapishi yanayoruka. Mtoto ana wiki tatu hadi sita, mara nyingi ni wa kiume na mzaliwa wa kwanza, alikuwa salama, halafu ghafla kila akinyonya maziwa yanaruka mbali na mwili, na dakika hiyohiyo anatafuta titi tena kwa njaa. Ukimvua nguo na kumtazama kwa utulivu unaweza kuona wimbi likitembea juu ya tumbo lake kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo msuli wa mlango wa kutokea tumboni umenenepa na kuubana mlango wenyewe. Dawa ya kutuliza tumbo haitaufungua. Anaongezewa maji na chumvi kwa mshipa, kisha anafanyiwa upasuaji, na wengi wananyonya vizuri siku chache baadaye. Anayesema "tumwangalie wiki moja zaidi" anampotezea mtoto maji ya mwili.

Mengine ya kukimbiza ni haya: mtoto aliyekuwa ananyonya ameacha kabisa, degedege, analegea na hatikisiki mpaka aguswe, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu zinazama ndani akivuta hewa, joto la kwapani nyuzi 37.5 na kuendelea, au chini ya 35.5, tumbo limevimba na limekaza, utosi umevimba, damu kwenye kinyesi, manjano iliyoonekana siku ya kwanza ya kuzaliwa, au iliyofika viganjani na nyayoni. Pumzi zihesabu mtoto akiwa ametulia, dakika nzima, kwa saa ya simu. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne utajidanganya, maana mtoto mchanga hupumua haraka kidogo, akatua kidogo, akaanza tena.

Na yule wa siku ya kwanza anayetoka mapovu ya mate bila kuisha, akiwekwa titini anapaliwa na kubadilika rangi kuwa bluu: asipewe kitu chochote mdomoni mpaka daktari amwone. Huenda njia ya chakula haikuungana na tumbo.

Mzani, nepi, na mtoto mwenyewe

Kama hayo yote hayapo, tuna muda wa kufikiri. Usianze na khanga iliyolowa, anza na mtoto.

Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, na hilo ni la kawaida mradi lisivuke sehemu moja ya kumi. Aliyezaliwa na kilo 3.2 akifika 2.9 simpigii kelele, ila naomba nimwone akinyonya. Kufikia wiki ya pili awe amerudi alikoanzia. Baada ya hapo natarajia gramu 150 hadi 200 kila wiki. Mtoto anayecheua mara 10 kwa siku na bado anaongeza gramu 180 kwa wiki, maziwa yanabaki tumboni, bibi aseme asemavyo.

Apimwe mzani uleule, bila nguo, bila nepi. Nimewahi kuona nyumba nzima ikilia kwamba mtoto kapungua, kumbe wiki iliyotangulia alipimwa na nepi iliyolowa pamoja na sweta.

Mkojo: kuanzia siku ya tano, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Kwa wanaotumia nepi za kitambaa, mwagia nepi kavu vijiko vitatu vikubwa vya maji, ishike mkononi uujue uzito wake. Mkojo uwe mweupe. Ukiwa wa rangi ya chai, maziwa hayatoshi. Kinyesi kianze cheusi kama lami, kipitie kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha manjano chenye punje punje. Mtoto wa siku ya tano ambaye bado anatoa cheusi hajashiba, hata kama anacheua. Huyo usimtafutie dawa ya kucheua.

Anacheua, na hana habari

Ndio wengi kuliko wote. Ananyonya, anacheua, anatabasamu au analala. Pale umio, yaani njia ya chakula, unapoingia tumboni kuna msuli wa duara unaofunga mlango, na kwa mtoto mchanga msuli huo hulegea ovyo. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chake ni cha majimaji tu, na kutwa amelala. Wewe jaribu kunywa nusu lita ya uji halafu ulale chali na mtu akukunje magoti. Tumbo lenyewe ni dogo: siku ya kwanza mnyonyo mmoja ni mililita mbili hadi 10 tu, na mwisho wa wiki ya kwanza labda mililita 60. Kinachozidi kinatafuta njia.

Huanza kabla ya wiki ya nane, huongezeka hadi karibu miezi minne, na watoto tisa katika kumi wanakuwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka, wameshaanza kukaa na kula vigumu. Hapa hatutibu chochote, tunapunguza tu nguo za kufua:

- Baada ya kunyonya mshike wima kifuani dakika 20 hadi 30. Kifuani, si kwenye kiti cha gari wala kiti kingine kinachomkunja, maana tumbo linabanwa na maziwa yanapanda.
- Badilisha nepi kabla ya kunyonya, si baada.
- Legeza kiuno. Nepi iliyokazwa, shanga, kamba ya hirizi, vyote vinabana tumbo lilelile unalolihangaikia.
- Asiwepo mvutaji wa sigara chumbani, hata kama anavutia dirishani.

Kubeulisha je? Kila nyumba ina mtaalamu wake wa kupiga mgongo. Watafiti wa India walilijaribu mwaka 2015: watoto waliobeulishwa hawakulia pungufu ya wengine, na walicheua zaidi. Mimi simkatazi mama. Mtoto akitulia begani na hewa ikatoka, vizuri. Akikataa kubeua ndani ya dakika tatu, mwache, hajashikilia deni la mtu.

Wako watakaokuambia ukoroge uji mwepesi ili maziwa yawe mazito yasirudi. Kando ya kwamba utumbo wa umri huu haujawa tayari kwa uji, maziwa ya mama yana kimeng'enya kinachoyeyusha wanga. Uzito unaoutafuta unayeyuka kabla haujafanya kazi. Maji nayo hapana, hata joto la Februari. Maziwa yako zaidi ya asilimia 85 ni maji tayari.

Anapaliwa, anaachia titi, anarudi, anapaliwa tena

Hii naiona sana kati ya wiki ya pili na ya sita, hasa nyumba ambazo arobaini inalindwa kikamilifu. Mama anakula mtori asubuhi, uji wa pilipili manga mchana, supu usiku, na kila anayeingia anamwambia ale maziwa yaje. Yamekuja. Mtoto akishika titi, dakika ya kwanza anameza kwa raha, halafu maziwa yanafunguka kama bomba la mtaani lililokatika: anakodoa macho, anakohoa, anaachia, na maziwa yanaendelea kuruka yakimpiga usoni. Anameza hewa nyingi. Baadaye anacheua mengi, tumbo linanguruma, kinyesi kinakuwa cha kijani chenye povu. Mama anadhani mtoto hapendi maziwa yake.

Yule mama wa kijiko alikuwa hivi. Mtoto ana wiki tatu, alizaliwa na kilo 3.1, mzani ukasoma 3.7. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe huna shida ya maziwa, una shida ya mafuriko." Nikamlaza.

Ndiyo, mama ndiye aliyelazwa. Egemea mito nyuma kama mtu anayetazama televisheni, mtoto akulalie kifuani kifudifudi, uso kwenye titi, miguu popote inapoangukia. Sasa maziwa yanapanda mlima kumfikia na yeye ndiye anayevuta kwa kasi yake. Yakizidi, yanamwagika pembeni ya mdomo badala ya kumwingia kooni. Kama bado yana nguvu, anza kwa kukamua kidogo kwenye kikombe mpaka mruko wa kwanza upungue, kisha mweke. Mpe titi moja mpaka lilainike, na akirudi baada ya saa moja mpe hilohilo. Lakini hili la titi moja lifanye tu ikiwa uzito unapanda vizuri. Kwa mama mwenye maziwa kidogo ni kuyafukuza hata hayo yaliyopo.

Na usikamue titi lote "liishe". Titi huhesabu kilichotoka na kesho linaleta kiasi hicho.

Titi linauma, kuna mlio wa "tk, tk", na mtoto haishi kunyonya

Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kukagua kwa kila mtoto anayecheua, ningechagua hili. Mtoto aliyeshika chuchu peke yake anavuta maziwa kidogo na hewa nyingi. Anakaa titini saa nzima, anaachwa akiwa na njaa, dakika 10 baadaye analia, na hewa ikipanda inapanda na yale kidogo aliyoyapata. Mama anahesabu: ananyonya saa nzima, anacheua, haongezeki, basi maziwa yangu ni mepesi. Hakuna maziwa mepesi. Mdomo ndio haukujaa.

Itazame chuchu mara tu mtoto anapoiachia. Ikitoka ya mviringo kama ilivyoingia, alishika vizuri. Ikitoka imechongoka upande mmoja, kama rangi ya mdomo iliyotumika wiki mbili, au ina mstari mweupe nchani, ilikuwa inabanwa kati ya ulimi na kaakaa. Sikiliza pia. Kunyonya kuzuri hakuna kelele zaidi ya kumeza, "kh", kumeza, "kh". Ule mlio wa kugonga ulimi ni kwamba mshiko unavunjika na hewa inaingia.

Namna ya kurekebisha. Kaa pa kuegemea mgongo, miguu ifike chini au ikanyage kigoda. Mama anayejikunja kumfuata mtoto hatavumilia siku mbili. Mgeuze mtoto mzima akuelekee, tumbo lake kwenye tumbo lako, sikio, bega na nyonga viwe mstari mmoja. Wewe ukiwa umekaa wima jaribu kumeza mate ukitazama begani, utaelewa kwa nini. Pua yake iwe usawa wa chuchu, si mdomo. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri. Subiri tena. Atafunua kama anayepiga miayo, na hapo ndipo unamleta yeye kwenye titi, haraka, kidevu kikitangulia. Akishakaa, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ikiuma baada ya zile sekunde za mwanzo, ingiza kidole kidogo safi pembeni ya mdomo uvunje mvuto, mtoe, uanze upya. Ukianza upya mara tano si kushindwa.

Sasa ule mkono wa bibi. Karibu kila mara mama anapomweka mtoto titini, mkono wa mtu mwingine unatokea nyuma na kusukuma kisogo. Mtoto mchanga akisukumwa kisogo anarudisha kichwa nyuma, ndivyo alivyoumbwa. Mnamsukuma kwenda mbele, yeye anakwenda nyuma, na nyote mnasema anakataa titi. Shika shingo na mabega, kichwa kiwe huru. Kwa bibi huwa nasema, "Mama, nisaidie kushika mto huu hapa," na mkono unapata kazi nyingine.

Mtoto akishindwa kushika hata baada ya yote hayo, fungua mdomo uone. Titi lililojaa na kukaza kama embe bichi halishikiki. Kamua kidogo lilainike mbele. Utando mweupe mashavuni usiofutika kwa kitambaa ni fangasi, watibiwe wawili, yeye na chuchu zako, la sivyo mtarudishiana. Pua ikiziba, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa dakika chache kabla ya kunyonya. Ulimi usiovuka ufizi wa chini, ambao akilia ncha yake inakatika katikati kama umbo la kopa, huenda umefungwa na ngozi iliyo chini yake. Huo ni mkato mdogo wa hospitali, na hauhitajiki kwa kila mtoto. Maziwa yakitoka puani kila mara, siyo siku moja moja, apapaswe kaakaa kwa kidole na kumulikwa kwa tochi hadi nyuma. Mdomo sungura unaonekana na kila mtu, lakini kaakaa lililopasuka nyuma peke yake huweza kupita wodini bila kugunduliwa.

Dakika tatu, usingizi

Huyu anayenyonya dakika tatu na kusinzia ananitisha kuliko anayelia. Hasumbui, hacheui sana, kila mtu anamsifu kwa upole. Mpime. Mtoto mchanga anatakiwa anyonye mara nane hadi 12 kwa saa 24, na anayelala saa tano mfululizo wiki ya kwanza huenda amekosa nguvu ya kuamka. Waliozaliwa wiki ya 34 hadi 36 wako hivi, wanaonekana wakubwa lakini wanachoka upesi. Wenye manjano pia: manjano inaleta usingizi, usingizi unapunguza kunyonya, kutonyonya kunaongeza manjano.

Mvue abaki na nepi, mweke ngozi kwa ngozi kifuani kwako, mjifunike khanga moja. Mwamshe kila baada ya saa tatu, usiku pia. Akisinzia titini, libane titi taratibu kwa kiganja ili maziwa yamdondokee, utaona taya linaanza tena. Yaliyobaki yakamue umpe kwa kikombe kidogo: kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Chupa ya kunyonyea iache. Inatiririka bila jasho, na mtoto mvivu anajifunza uvivu.

Anajipinda nyuma, analia, uso umekunjana

Hapa ndipo dawa zinaponunuliwa. Asidi ya tumboni inaweza kupanda na kumchoma umio, kiungulia kilekile cha watu wazima. Lakini kilio peke yake hakithibitishi. Watoto wote huongeza kulia kuanzia wiki ya pili, hufika kilele karibu wiki ya sita, na hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne, wanaocheua na wasiocheua. Huku tunakiita chango, na kila mtaa una chupa yake. Nikiona mtoto anacheua na analia jioni tu, anaongezeka, ananyonya kwa hamu, nasahihisha mshiko, nampunguzia hewa, basi.

Ninayemwandikia barua ya kumwona daktari ni yule anayelia wakati wa kumeza, anaanza kwa njaa halafu anakataa titi, uzito umesimama, au anakohoa na kupaliwa hata akiwa amelala. Daktari anaweza kumpa dawa ya kupunguza asidi kwa muda. Hiyo dawa haizuii kucheua. Inapunguza tu ukali wa kinachorudi. Usiinunue kwa kumuiga jirani. Ranitidini iliyokuwa ikitolewa sana iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu uliogunduliwa ndani yake, na metoklopramidi, ya kuzuia kutapika, si ya mtoto mchanga kabisa, inaweza kumkakamaza shingo na macho.

Wachache, wachache sana kwa wanaonyonya titi pekee, mwili unagombana na protini ya maziwa ya ng'ombe inayopita kwa mama. Wana nyuzi za damu au kamasi nyingi kwenye kinyesi, ngozi yenye ukurutu, na kulia kusikoeleweka. Kwa ushauri wa daktari mama huacha maziwa, mtindi, jibini na chai ya maziwa kwa wiki mbili hadi nne, kisha anarudisha aone. Damu ikionekana kwenye kinyesi, aonwe kwanza, siku hiyohiyo, usianze na kuacha chai. Ama maharage, kabichi na pilipili ambazo wazazi wanakatazwa kila kukicha, kula. Mama mwenye njaa hamsaidii mtoto.

Amecheua damu

Kama anaonekana mzima, ziangalie chuchu zako kwanza. Ufa mdogo unatosha kumlisha damu yako, nayo ikirudi ni mistari ya rangi ya kahawia kwenye maziwa. Rekebisha mshiko, ufa utapona. Usipoona ufa, au damu ikiwa nyingi, hospitali siku hiyohiyo. Kwa mama anayeishi na VVU ufa si jambo la kungoja: fika kliniki, titi lenye ufa lisinyonywe mpaka lipone, endelea na dawa zako, na usianze kumchanganyia mtoto vyakula vingine kwa hofu, maana kuchanganya kunaongeza hatari.

Kimeo, meno ya plastiki, na kubemendwa

Mtoto wangu wa pili alicheua mpaka miezi minane. Alipokuwa na wiki tano mama mkwe wangu alishampata mtu. "Mwanangu, kimeo kimemshuka. Kikikatwa leo, kesho amenyamaza." Nilikuwa muuguzi tayari, na bado nilitetemeka, kwa sababu nilikuwa sijalala. Nikamwambia, "Mama, nivumilie hadi Ijumaa nimpime." Ijumaa alikuwa ameongeza gramu 180. Mama hakusema neno, aliuliza tu sabuni iko wapi, akaanza kufua.

Kimeo ni kinyama cha kooni ambacho kila mtu anacho. Hakishuki, na hakihusiani na mlango wa tumbo. Kinapokatwa kwa wembe, mtoto anavuja damu na kuimeza, watu wakadhani imekoma. Wengine wanapata maambukizi, pepopunda, na wapo ambao hawarudi nyumbani. Meno ya plastiki nayo ni vichipukizi vya meno ya kweli vilivyo ndani ya ufizi. Anayevichimbua kwa spoku ya baiskeli anaondoa jino la baadaye na kuacha jeraha kwenye mdomo ambao ulikuwa umeshindwa kunyonya tangu mwanzo. Na kubemendwa: mtoto hacheui kwa sababu baba amerudi chumbani. Nimeona ndoa zikiingia ufa kwa neno hili, na chanzo kilikuwa mdomo uliokamata chuchu peke yake.

Usiku

Alale chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto. Najua unaogopa atapaliwa. Akilala chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo kinachorudi kinabaki chini na kumezwa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka, na hatari ya kufa usingizini inaongezeka. Kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali au kumwekea mto hakusaidii. Anateleza na kujikunja, asubuhi unamkuta kidevu kifuani. Ukimnyonyesha umelala, sawa, ila usisinzie naye kwenye kochi.

Ukija kliniki

Niletee siku mbili za maandishi, hata nyuma ya karatasi ya sabuni: alinyonya saa ngapi, nepi ngapi, alicheua au alitapika, rangi gani. Video ya simu ya dakika moja wakati anatapika au anajipinda inanisaidia kuliko maelezo ya watu wanne. Kadi usiiache. Na mlete akiwa na njaa. Akina mama wengi wanamnyonyesha langoni ili asinisumbue kwa kulia, halafu wanaingia na mtoto aliyelala fofofo, nami kitu pekee nilichotaka kukiona kimeshapita.